Jadwong Aliyesikia Nikimeza

Wewe uliyetoka kwa daktari leo na kuambiwa una kifua kikuu sugu, keti kwanza. Kula kitu hata kama mdomo ni mchungu. Usimpigie kila mtu simu. Mpigie mmoja tu, yule unayejua hatalia kukuzidi. Haya ningependa kuambiwa siku yangu ya kwanza, lakini mtu niliyekutana naye getini alikuwa mwendesha bodaboda aliyetaka kujua naelekea wapi.

Naitwa Nafula. Natengeneza simu katika kibanda mjini Busia, upande wa Kenya, karibu kabisa na mpaka. Nimepona. Nalisema mapema ili usisome huku umeshika roho mkononi. Aliyekufa katika habari hii ni rafiki yangu, na ugonjwa wake haukuwa huu wangu. Tulicheza gemu pamoja kwa simu karibu muda wote wa matibabu yangu, na sikuwahi kumwona uso. Watu wakiniuliza nani aliniuguza, namtaja mama yangu, kisha namtaja yeye, na hapo wananitazama kwa jicho la kuuliza kama zile dawa hazikunipanda kichwani.

Habari za vijidudu sitakueleza. Muulize muuguzi wako, yeye ndiye aliyezisomea. Mimi nitakuambia yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Kikohozi changu nilikilaumu moshi wa kuchomelea waya za simu. Mama, ambaye huuza wimbi sokoni, alikilaumu vumbi la malori. Tukalaumiana hivyo hivyo kwa mzaha mpaka nguo zikaanza kunivuka na usiku nikawa nalowanisha shuka. Nikapewa dawa za kawaida za kifua kikuu, nikameza miezi kadhaa, kikohozi kikabaki palepale. Ndipo nikapewa kikopo kingine cha kutemea makohozi, na majibu yake yakaja na lile neno sugu.

Benchi letu lilikuwa nyuma ya jengo la kliniki, chini ya mabati, mbali na wagonjwa wengine ili upepo utupitie. Mwanzoni niliona aibu hata kuinua macho. Kulikuwa na dereva wa lori aliyeacha gari lake kwenye foleni ya mpakani, na mzee mmoja aliyekuja kila asubuhi amevaa koti la suti kama mtu anayeitwa kortini. Tulikaa mbalimbali, kila mtu na barakoa yake, tukikohoa kwa zamu. Baada ya wiki chache niligundua kwamba pale ndipo mahali pekee mjini ambapo hakuna mtu aliyesogea nilipokohoa. Nikaanza kulipenda lile benchi, amini usiamini.

Dawa moja ilinibadilisha rangi. Nilikuwa maji ya kunde, nikawa mweusi wa kuiva, weusi ulioanzia usoni ukashuka mpaka kwenye viganja. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alinipita barabarani bila kunitambua, nami sikumwita. Miguu ilianza kwa kuwaka moto, ikamalizia kwa kufa ganzi, nikawa natembea natazama chini kuhakikisha ndala bado ziko. Ukiona hivyo, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza hakukunisaidia chochote.

Nyumbani nilihamishiwa kile chumba cha nyuma ambacho mama alikuwa akiweka magunia ya wimbi. Fundi alikuja akatoboa dirisha la pili. Nikapewa kikombe changu, sahani yangu na beseni langu. Mke wa kaka yangu aliwachukua watoto akaenda nao kwao, akisema ni likizo, ingawa shule zilikuwa hazijafungwa. Simlaumu. Lakini nilimsikia mdogo wao akiuliza pale uani kwa nini shangazi hatoki kuaga, na jibu alilopewa sikulisikia.

Siku za mwanzo nilimezea dawa kliniki, mbele ya muuguzi. Baadaye nikaruhusiwa kumezea nyumbani, baada ya chakula cha mchana, mradi awepo mtu wa kunisimamia. Mtu huyo alikuwa mama. Alisimama mlangoni na jagi la maji, akaomba Mungu kwa sauti, akanitazama jinsi watu wanavyomtazama mtu anayesafiri asirudi. Vidonge vilijaza kiganja. Nilivimeza nikiwa natazamwa hivyo, navyo vikarudi. Kila mchana ilikuwa ugomvi. Siku moja nilirusha kikombe ukutani. Mama alikiokota, akakiosha, akakirudisha mahali pake, na hilo liliniuma kuliko kama angenichapa.

Kibanda kilikuwa kimefungwa, ila simu ninayo. Niliiunda mwenyewe kutoka kwa simu tatu zilizokufa. Sisi watu wa mpakani simu zetu hushika mtandao wa nchi yoyote unaopita karibu, na katika chumba changu kulikuwa na kona moja kando ya dirisha ambapo mtandao wa Uganda ulishika vizuri. Nikanunua bando la huko. Nikaanza kucheza gemu.

Kwa asiyejua, gemu lenyewe liko hivi. Watu wanne wanaunda kikosi, wanashushwa kisiwani pamoja na vikosi vingine vingi, wanaokota silaha, na kikosi kitakachobaki mwisho ndicho mshindi. Mnasikiana kwa simu mkicheza. Ukipigwa risasi hufi papo hapo. Unaanguka, unatambaa, na mwenzako akija akakuinamia kwa muda, unainuka. Asipokuja, umekwisha. Wachezaji wengi hawaji, kwa sababu anayeinama hawezi kupiga, na anayerudi nyuma kwa kawaida huuawa naye.

Niliwekwa kikosi kimoja na watu nisiowajua. Mmoja alijiita Jadwong, yaani mzee, kwa lugha ya Wajopadhola wa kule Tororo. Sauti yake haikuwa ya mzee. Ilikuwa nyembamba, ya taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha upande wa pili ambacho mama huongea na wateja wake. Katika mchezo wetu wa kwanza nilianguka nyuma ya ukuta. Wawili walikimbia zao. Jadwong alikuwa salama kabisa mlimani, akashuka mlima mzima, akaniinamia, na tukauawa wote wawili. Nilimfokea. Nikamwambia ametupotezea mchezo tuliokuwa tumeushinda.

"Mimi siwezi wacha mutu chini," akasema, bila hasira yoyote.

Nilimwona mjinga. Kesho yake nikamtafuta tena.

Alinisikia nikikohoa. Akauliza kama nakunywa dawa. Nikamwambia ugonjwa wangu kwa jina lake kamili, makusudi, kwa ule ukali wa mtu aliyechoka kuona watu wakirudi nyuma. Nikangoja aondoke. Akasema kwamba kwa kuwa ugonjwa haupiti kwenye simu, basi yeye ndiye mtu salama kuliko wote, na akauliza dawa nameza saa ngapi. Nikasema saa nane mchana. Akasema basi saa nane.

Ndivyo ilivyoanza. Saa nane jina lake linawaka, naweka simu kwenye spika kando ya sahani, mama anasimama nje ya mlango, na Jadwong anasema, "Meza, mimi nasikia." Nilipomeza aliuliza, "Imeingia?" Nami nasema imeingia. Kidonge baada ya kidonge. Mara ya kwanza nilimuuliza atajuaje kama sijakitema, naye hanioni. Akaniambia sikio lake linaona vizuri. Na ni kweli, siku moja nilijaribu kumdanganya, nikasema imeingia na kidonge bado kiko mkononi. Akasema, "Hapana. Hiyo ulikunywa maji tu." Mama nje akacheka. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu masika.

Baada ya vidonge ndipo kazi ngumu, kuvizuia visirudi. Kwa hiyo tulicheza palepale, tumbo likiwa linapanda na kushuka. Nilipotaka kutapika yeye aliniambia nisitapike kwanza, kuna watu nyuma ya nyumba, niangalie kushoto. Nilipomaliza kuangalia kushoto na kulia na kuwamaliza hao watu, saa ilikuwa imepita na dawa imetulia. Sijui ni nani aliyemfundisha mtu yule kuuguza. Nafikiria jambo hilo hadi leo na bado nashangaa.

Hatukuulizana kwetu. Kwenye gemu kila mtu anasema anatoka Nairobi au Kampala, kwa nini uulize. Lakini mchana mmoja wa mvua za vuli, nikiwa nimemaliza kumeza, nilisikia ngurumo ndani ya simu. Jadwong akasema nisubiri, mvua inakuja, mabati yatapiga kelele. Kisha nikasikia mvua yake ikishuka mpaka sauti yake ikapotea kabisa. Kwangu jua lilikuwa linawaka, na mama alikuwa ameanika wimbi uani. Tukacheza hivyo hivyo bila kuongea. Mara upepo ukaingia dirishani na harufu ya udongo. Mama akapiga kelele za kuita watu waje waanue. Ngurumo ikapasuka juu ya paa langu mwenyewe, na Jadwong akaisikia kwa simu yangu.

Akaacha kucheza. Akaniuliza polepole, "Nafula, hiyo si ile yangu?"

Nikamuuliza kama kwao anauona Mwamba wa Tororo. Akasema kwao, Petta, jua hutoka upande wa mwamba huo. Nikamwambia mimi siku mawingu yakiwa yametulia nauona kutoka barabarani, upande wa kaskazini, mdogo, wa buluu. Miezi yote ile nilikuwa nimemweka mahali fulani mbali, mahali pasipo na mahali, na kumbe mtu huyu na mimi tunanyeshewa na wingu moja. Lilivuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho, likatukuta wote wawili tumeshika simu. Hatukuongea tena mpaka mvua ilipokwisha. Kwangu ile ilikuwa kama ibada.

Tangu siku hiyo nilianza kumwambia nitamtembelea nikipata ruhusa ya kukaa na watu. Kila mara alinijibu nimalize dawa kwanza. Kulikuwa na siku sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba mzigo mzito huku anaongea. Akisikia nimeuliza, husema leo mifupa inasema, tucheze. Kulikuwa na siku nilisikia nyuma yake watoto wakilia na magurudumu ya chuma yakipita sakafuni. Nilidhani anaishi karibu na soko. Saa nane hakuwahi kuikosa.

Mavuno ya wimbi yalipokuwa yakianikwa, kikopo changu kilirudi safi, kikarudi safi tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Muuguzi wangu wa kliniki, sista mmoja mcheshi, alivua barakoa mbele yangu akanipa mkono mtupu. Usidharau mkono mtupu. Nilirudi nyumbani nimeushika ule wangu kana kwamba umepakwa kitu. Watoto wa kaka walirudi. Mdogo alikuja moja kwa moja akachota ugali kwenye sahani yangu, na hakuna aliyemzuia. Lakini vidonge vilikuwa bado, miezi mingine mbele. Sista alinikazia macho: ukiacha kwa sababu unajiona mzima, itarudi, na ikirudi hatuna tena dawa nyingi za kujaribu. Nikamwambia Jadwong. Akasema basi tunaendelea.

Kiangazi kikaingia. Saa nane mchana mmoja jina lake liliwaka kama kawaida nikasema haya, nimeshika cha kwanza. Sauti ya msichana ikajibu.

"Mimi ni Athieno, dada ya Ochwo," akasema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia jina lake. "Ochwo alituacha leo asubuhi. Kama wewe nakuja, kuja haraka."

Nikamwambia nitakuja kwenye mazishi. Nilitaka kuuliza mengi, lakini alikuwa analia nami nikaanza, na laini ikakatika. Mama aliingia, akakiona kidonge mkononi mwangu, akaelewa. Siku hiyo alinishika kichwa kama mtoto nikameza, na siku zilizofuata vivyo hivyo, bila spika, bila gemu, na kila kidonge kilipita kwenye koo langu kama jiwe.

Nitakuambia ukweli kwa sababu huenda na wewe utafika hapo. Nilikuwa nimeamua kuacha. Nilijiambia nitaenda kumzika Jadwong, na nikitoka huko simezi tena. Makohozi yangu yalikuwa safi. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, rangi yangu si yangu, na mtu aliyekuwa akishuka mlima kuniinua ameondoka yeye, mzima, ambaye sikuwahi kumsikia akikohoa hata mara moja. Sikumwambia mtu. Nilipanga tu, kama mtu anavyopanga kufunga duka.

Na mazishi nayo niliyapanga kikwetu. Huku kwetu mtu akifa anapelekwa mochari, wanangojwa wa Nairobi na wa Mombasa, vikao vinakaa, michango inachangwa, na mazishi yanakuwa Jumamosi, mara nyingi si hii bali ile nyingine. Basi nikahesabu kwamba nikienda Jumamosi hii nitawakuta kwenye vikao, nitawasaidia kupika, nitamwona kabla hajazikwa. Kaka alikubali. Mama alikubali, yeye ambaye ameuza wimbi kwa watu wa upande ule maisha yake yote na anajua matanga yao. Tunakaa mahali ambapo kuku wetu hulala Uganda, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba wenzetu hawakai na maiti.

Nilivuka asubuhi na kilo za sukari na majani ya chai. Kutoka Tororo nikachukua boda hadi Petta, nikimuuliza kila mtu kwa kina Ochwo. Nilitazamia turubai, spika, magari. Nikaingia kwenye boma lililofagiliwa, watu wachache wamekaa kwenye mikeka, moto mdogo unafuka, redio inaongea chinichini. Kando ya migomba kulikuwa na kichuguu kirefu cha udongo mwekundu na msalaba wa mbao. Maua yaliyokuwa juu yake yalikuwa yameshakauka.

Nilisimama na sukari yangu. Kumbe Athieno aliposema haraka, alimaanisha haraka.

Nikaanza kulia, na hilo likazua jambo lingine. Msichana mgeni, kutoka Kenya, anakuja matangani peke yake akilia mbele ya kaburi la kijana ambaye hakuoa. Shangazi zake wawili waliinuka. Walinisalimu vizuri, wakanikalisha, wakapokea sukari, kisha wakanitazama tumbo. Mkubwa wao akaniuliza mimi ni nani wa Ochwo. Nikasema rafiki. Akauliza rafiki wa wapi. Nikasema wa kwenye simu. Wakatazamana.

"Binti yangu," akasema kwa upole, "kama uko na mimba yake sema sasa. Wazee bado wako hapa, hakuna mutu atakufukuza."

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Jadwong angecheka mpaka simu ianguke. Nikamjibu kwamba sina mimba, sina dai lolote, mtoto wao sikuwahi kumwona hata kwa picha, nilichelewa tu, naomba radhi, niachwe nikae kidogo karibu naye kisha nitarudi kwetu.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka mwanamke mwembamba aliyefunga leso kichwani, anatembea taratibu, ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayetafuta kitu kwa masikio.

"Hiyo sauti," akasema. "Sema tena."

Nikarudia kwamba nilichelewa tu, naomba radhi.

Alinishika uso kwa mikono miwili. Akawageukia shangazi akawaambia kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie, "Huyu ndiyo mugonjwa ya Ochwo."

Na wale watu wote wakasimama. Mpaka mzee aliyekuwa amelala mkekani akasimama. Walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, na kila mmoja aliniambia jina langu kabla sijamwambia. Boma zima lilinijua.

Mama Ochwo alinikalisha kando yake akanieleza. Ochwo alizaliwa na selimundu. Tangu utotoni damu yake ilikuwa ikimgeuka, mifupa ikamtesa, akaingia na kutoka hospitali mpaka wauguzi wakamzoea. Shule aliiacha njiani. Simu alinunuliwa na mjomba ili apunguze mawazo kitandani. Ikifika saa nane, mama yake aliniambia, redio ya nyumba hii huzimwa. Watoto hufukuzwa uani. Hata mwenye kutwanga huweka mchi chini, kwa sababu Ochwo anasikiliza mtu wake wa Kenya akimeza. Alipolazwa, Athieno ndiye aliyemshikia simu mdomoni, mikono yake ikiwa haiinuki. Wodi nzima ilizoea. Mchana ulipofika wagonjwa waliambiana wanyamaze, na wengine walimuuliza kama yule wa Kenya amemeza. Yale magurudumu niliyodhani ya soko yalikuwa ya kitanda.

Kisha akanionyesha picha. Nilikuwa nimemkuza kichwani mwangu, nimempa mabega mapana. Alikuwa mdogo kama mwanafunzi wa darasa la saba, shingo nyembamba, macho ya manjano, anatabasamu kwa mdomo uliofungwa. Huyo ndiye aliyekuwa akishuka mlima. Niliishika ile picha kwa mikono miwili. Niliogopa, kwa ile hofu ya kanisani, ya kujua kwamba umekuwa karibu na kitu kikubwa kuliko wewe na hukukijua.

Nikamuuliza mama yake kwa nini hakuniambia. Alikuwa mgonjwa kunizidi, na kila siku alinisikiliza mimi.

"Mimi pia niliuliza yeye," akasema. "Nikamwambia, mwanangu, pumzika, huyo Mukenya iko na mama yake. Akaniambia, mama, dawa yangu mimi haina mwisho. Yake iko na mwisho. Wacha nione moja ikifika."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nilichokipanga. Hata sasa naamini mama Ochwo hakujua. Aliangalia kivuli cha mgomba, akamwita Athieno, akamwambia kitu, na Athieno akaenda akazima redio. Watoto waliokuwa wanacheza wakaondolewa uani bila kelele, kwa mazoea. Mama Ochwo akaniuliza, "Saa nane imefika. Dawa iko wapi?"

Nilifungua mkoba kumwonyesha kwamba sikuzibeba. Zilikuwemo. Mama yangu alikuwa amezifunga kwenye karatasi safi, akaziweka chini ya sweta, na hakuniambia.

Athieno akaleta maji. Watu wa matanga, na wale waliokuwa wakizungumza kando ya moto, wote wakanyamaza. Nilisikia majani ya migomba yakisuguana na kuku mmoja mbali. Mama Ochwo akainamisha kichwa upande mmoja.

"Meza," akasema. "Mimi nasikia."

Nikameza cha kwanza. Akauliza imeingia, nikasema imeingia. Nikameza kinachofuata. Machozi yalikuwa yananishuka yakaingia kwenye maji nikayanywa pamoja. Nilivimeza vyote, mbele ya kaburi lake, na wale watu waliofiwa hawakusogea mpaka cha mwisho kilipopita. Kisha mama Ochwo akaichukua simu yangu, akampa Athieno aweke namba yake, akaniambia kesho nisimcheleweshe, yeye atakuwa anangoja.

Hajui gemu. Hata jina lake hawezi kulitamka. Lakini kila siku saa nane alipiga, kiangazi chote, akasikia kimoja kimoja. Mvua za masika zilipokuwa zimeanza nilimeza kidonge changu cha mwisho. Nikamwambia, mama, hiki ndicho cha mwisho, hakuna kingine. Akauliza imeingia. Nikasema imeingia. Kisha nikamsikia akiwaambia watu wake kwa lugha yao, na katika nyumba ile iliyokuwa bado inaomboleza, wanawake wakapiga vigelegele.